Unataka Bafu Mpya kwa Keja Yako Thika ama Ruiru? Soma Hii Kabla Fundi Ashike Nyundo

Hebu piga picha hii. Umejinyima miezi sita, umeachana na nyama choma za wikendi, na hatimaye bafu yako pale Makongeni imevaa taili mpya. Shawa inang'aa, mfereji unang'aa, na wewe mwenyewe unang'aa. Umepost kwa status na wasee wameangusha moto moto za kutosha.

Wiki ya tatu, jirani wa chini anabisha mlango. Hajakuja kukupongeza. Dari yake inadondosha maji, rangi imevimba kama andazi, na godoro la mtoto limelowa. Unapigia fundi. Mteja wa nambari hiyo hapatikani.

Shida ilianzia wapi? Sio kwa taili. Ilianzia kwa kitu ambacho hukuona kikiwekwa, kwa sababu hakikuwekwa.

Leo tunakuchanua jinsi ya kurekebisha bafu yako, kuanzia kubomoa hadi kuoga, uwe unaishi Section 9, Ngoingwa, Kihunguro, Membley ama Kimbo. Ukisahau mengine yote, kumbuka hii moja: taili haizuii maji. Taili ni nguo tu, na kwa kila mstari kati ya taili na taili kuna mlango mdogo wa maji kupita. Kinachokulinda ni mambo manne yaliyofichwa: bomba, mteremko, dawa ya kuzuia maji na waya za stima. Pesa yako na macho yako viende huko kwanza.

KWANZA JUA UNATIBU UGONJWA GANI

Usinunue hata taili moja kabla hujajua bafu ya sasa inaumwa wapi. Hizi ni check ambazo unaweza kufanya mwenyewe bila kulipa mtu.

Gonga taili. Chukua shilingi ya chuma ama mpini wa bisibisi, gonga moja moja. Ikilia nzito, imeshika. Ikilia kama debe tupu, nyuma yake kuna hewa, na penye hewa maji hujificha.

Angalia upande wa pili wa ukuta. Kama rangi ya bedroom ama ya koridoo inavimba na kubanduka mahali ukuta umeshikana na bafu, kuna maji yanapita.

Pima bomba. Usiku kabla ulale, funga mifereji yote na uhakikishe choo hakijazi maji. Soma mita. Kama unatumia tanki, fungia maji yanayoingia kisha weka alama mahali maji yamefika. Asubuhi kabla mtu aguse mfereji, angalia tena. Yakiwa yamepungua, bomba ya kuleta maji inavuja. Yakiwa vile vile, lakini dari ya jirani huloa kila mtu akioga, basi shida ni ya sakafu ama bomba ya kutoa maji machafu.

Majibu haya ndio yatakwambia kama unahitaji kazi ya siku moja ama ya wiki mbili. Kuna watu hubandika taili mpya juu ya zile za zamani ndio wasibomoe. Kwa sebule iliyokauka, na kama za zamani zimeshika fiti, inaweza kwenda. Kwa shawa inayovuja? Hapo umefunika kidonda kwa shati nyeupe.

KAMA KEJA SIO YAKO

Usiguse nyundo kabla mwenye nyumba akubali kwa maandishi. Hata meseji ya WhatsApp inasaidia, bora iseme ni kazi gani inafanywa, nani analipa, na kama hiyo doo itakatwa kwa rent. Ukiambiwa kwa mdomo tu "endelea, tutaongea", jua ukihama hutabeba taili kwa gunia.

Na kama unaishi floor ya juu, ongea na jirani wa chini mapema. Utamhitaji. Utaona mbele kidogo kwa nini.

HESABU: CHUKUA FUTI KAMBA, SIO MAKADIRIO

Tuchukue mfano wa bafu ya kawaida ya flat: mita 1.5 kwa mita 2.1, taili zikipanda ukutani hadi mita 2.1.

Kuzunguka kuta zote nne ni mita 7.2. Zidisha kwa urefu wa 2.1, unapata mita mraba 15.12. Toa mlango wa sentimita 70 kwa mita 2.1, yaani 1.47. Ukuta unabaki na mita mraba 13.65. Sakafu ni 1.5 mara 2.1, yaani 3.15.

Sasa ongeza asilimia 10 ya zile zitavunjika na kukatwa. Ukuta unakuwa karibu mita mraba 15, sakafu 3.5.

Ukichagua taili za ukuta za sentimita 25 kwa 40, kila moja ni mita mraba 0.1, kwa hivyo unahitaji vipande 150. Za sakafu za 30 kwa 30 utahitaji 39. Idadi ya vipande kwa kila boksi imeandikwa kando ya boksi lenyewe, so gawanya ujue ni maboksi mangapi.

Gundi ya taili ya mfuko wa kilo 20 kwa kawaida hufunika karibu mita mraba 4 hadi 5, kutegemea unene. Kwa hii bafu yetu ni mifuko 4 hadi 5. Fundi akikuandikia mifuko 10, muulize kwa heshima, "Boss, hizi zingine ni za bafu ya nani?"

Nunua maboksi yote siku moja na uangalie nambari ya batch iwe moja. Taili za jina moja, zikitoka kiwandani siku tofauti, zinaweza kutofautiana rangi kidogo, na ukutani tofauti hiyo inaonekana. Baki na vipande vitano ama sita chini ya kitanda. Miaka mitatu ijayo hiyo design itakuwa imeisha sokoni.

TAILI GANI INAFAA?

Kuna aina mbili utakutana nazo kwa hardware za Thika na Ruiru: seramiki na poseleni. Tofauti kubwa ni vile zinakunywa maji. Poseleni hunyonya asilimia 0.5 ya uzito wake ama chini ya hapo. Seramiki ya ukuta hunyonya zaidi, nyingi hupita asilimia 10. Seramiki ni nyepesi, rahisi kukata na inafaa ukutani. Usiibandike sakafuni, itapasuka.

Sakafuni sheria ni moja: isiwe ya kuteleza. Zile zinang'aa kama kioo ziache sebuleni. Maji, sabuni na taili ya kung'aa ni safari ya moja kwa moja hadi hospitali, hasa kama kuna shosho ama mtoto kwa nyumba. Test yake ni rahisi. Ukiwa dukani, mwagia taili maji kidogo, kisha pitisha kidole cha mvua ukikandamiza. Kikiteleza kama kwa barafu, irudishe.

Kitu kingine, taili ndogo ni rafiki wa shawa. Sakafu ya shawa inateremka kuelekea shimo la maji, na taili kubwa ya 60 kwa 60 haiwezi kujikunja kufuata mteremko bila kukatwa. Za 30 kwa 30 ama ndogo zaidi zinakubali.

Na sio lazima ununue kitu kimepanda ndege. Kenya inatengeneza taili: Saj Ceramics wako Athi River, na Twyford wana kiwanda Kajiado. Cha muhimu ni kusoma boksi, sio bendera.

MAJI YAKO NI YA WAPI? HAPO NDIPO UNACHAGUA SHAWA

Wasee wengi hununua shawa kwa macho. Nunua kwa kujua maji yako.

Bwawa la Ndakaini limejengwa kwa mto Thika, lakini maji yake yanaenda Nairobi. Sisi huku tunategemea mifereji ya THIWASCO upande wa Thika, ya RUJWASCO upande wa Ruiru na Juja, na boholi za plot. Kama maji yako ni ya boholi, angalia sufuria. Ukiona utando mweupe unaoganda chini, maji yako yana chumvi na madini. Yatakula ile waya ya moto ndani ya shawa ya stima na kuziba matundu ya kichwa cha shawa.

Kwa hizi shawa za stima, zile wasee huita instant, kuna za maji ya kawaida na za maji ya chumvi. Lorenzetti, ile brand ya Brazil ambayo umeiona kwa karibu kila bafu, inauzwa hapa kwa aina zote mbili. Ya chumvi ni ghali kidogo. Ukiweka ya maji ya kawaida kwa maji ya boholi, utanunua mara mbili.

Kisha kuna presha. Umeona kwa Instagram kile kichwa cha shawa kikubwa kama sinia, maji yakinyesha kama mvua ya Aprili? Kizuri sana. Lakini presha hutokana na urefu wa tanki juu ya kichwa cha shawa, na kila mita 10 za urefu hukupa baa 1. Kama unaishi floor ya mwisho na tanki iko mita 2 tu juu yako, una baa 0.2. Hiyo sinia itakudondoshea maji kama mfereji uliosahauliwa. Una njia tatu: pandisha tanki, weka pampu ya kusukuma, ama chukua kichwa kidogo cha matundu machache. Hiyo ya tatu ndio ya bei rahisi.

Usichezwe pia na mixa. Mixa, ule mfereji wa kuchanganya maji moto na baridi, inahitaji bomba mbili. Kama huna sola wala boila, na unatumia instant, bomba ya maji moto haipo. Nunua mfereji wa bomba moja, doo inayobaki iende kwa dawa ya kuzuia maji.

KUBOMOA NA BOMBA

Kabla ya nyundo ya kwanza, funga valvu ya maji na uzime stima kwa meni switch. Kuna waya ndani ya huo ukuta, na fundi hana macho ya eksirei. Mwambie avae miwani na barakoa, hasa akitumia grainda. Hilo vumbi jeupe la taili na simiti huharibu mapafu.

Ziba shimo la maji kwa kitambaa wakati wa kubomoa. Vipande vya taili na simiti vikiingia kwa bomba ya maji machafu, utatafuta mtu wa kuzibua kabla hata hujaoga.

Siku hizi bomba nyingi za ndani ni PPR, zile za plastiki zinazoshikanishwa kwa mashine ya moto wa karibu digrii 260. Zinafaa, hazishiki kutu. Kwa shawa, milimita 20 inatosha. Ya kutoa maji machafu isiwe chini ya milimita 50, yaani inchi 2, na iwe na trapu, ile sehemu iliyopinda inayobaki na maji. Bila hiyo, harufu ya septic itakuja kukusalimia kila asubuhi.

Sasa vitu viwili ambavyo fundi mwenye haraka atakwambia sio lazima. Ni lazima.

Kwanza, bomba zijazwe maji na zikae na presha usiku mzima kabla ukuta ufunikwe. Kiungo kinachovuja leo kinarekebishwa kwa dakika 10. Kikivuja baada ya taili, unabomoa upya.

Pili, toa simu upige picha. Weka futi kamba kando ya bomba na waya ndio picha ionyeshe ziko umbali gani kutoka kona na kutoka sakafuni. Mwaka ujao ukitaka kutoboa ukuta uweke rafu ya sabuni, hizo picha zitakuokoa.

MTEREMKO NA DAWA: HAPA NDIPO KAZI IKO

Sakafu ya shawa lazima iteremke kuelekea shimo, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita moja. Ikiwa chini ya hapo maji yanasimama na kuota utelezi. Ikizidi sana utajihisi unaogea Ngong Hills. Fundi aonyeshe kwa pima maji, halafu umwage ndoo ya maji uone yanakimbia wapi. Yafanye hivyo kabla ya taili. Mteremko unatengenezwa kwa simiti ya chini. Fundi akikwambia "nitaubalance na gundi", huyo anajaribu bahati yako.

Simiti mpya ya sakafu na plasta ya ukuta zipewe angalau wiki moja zikauke na kushika.

Baadaye inakuja dawa ya kuzuia maji, ile mafundi huita waterproof. Inauzwa kama unga na maji yake ama rangi nzito ya kupaka. Ipakwe hivi:

Sakafu nzima ya bafu, sio pale chini ya shawa pekee.

Kuta za shawa hadi mita 1.8 angalau, na kuta zingine sentimita 15 hadi 30 kutoka sakafuni.

Kona zote, na kuzunguka shimo la maji na bomba zinazotokea ukutani, ziwekwe kitambaa chake maalum katikati ya dawa. Nyumba hucheza kidogo kila siku kwa joto na baridi, na kona ndio hupasuka kwanza.

Mikono miwili. Wa kwanza upakwe ukielekea upande mmoja, ukauke, wa pili upakwe ukikatiza. Muda wa kukauka umeandikwa kwa ndoo ama mfuko. Fuata maandishi, sio haraka ya fundi.

Halafu sasa, mtihani wa dimbwi. Huu ndio mtihani unaotenganisha bafu na balaa. Dawa ikishakauka, ziba shimo la maji kabisa. Jenga kizuizi kidogo mlangoni kwa tofali na simiti, na ukipake dawa pia. Mwaga maji hadi yafike sentimita 2 hivi, weka alama ya kalamu ukutani, na uache saa 24.

Kesho yake mambo ni mawili. Angalia alama: maji yakishuka milimita moja ama mbili, huo ni mvuke. Yakishuka sana, kuna mahali panavuja. Kisha shuka chini kwa jirani, ule ambaye tulikwambia uongee naye mapema, na umwombe muangalie dari yake pamoja. Dari ikiwa kavu, umefuzu. Ikiwa na doa, shukuru Mungu umegundua kabla ya taili. Paka dawa tena, pima tena.

Dawa na siku mbili za kungoja ni sehemu ndogo ya gharama yote. Kubomoa bafu mpya, kununua taili tena na kulipa dari ya jirani ni kuanza upya, na deni juu.

KUBANDIKA TAILI

Mwambie fundi atumie mwiko wa meno, atandaze gundi kwa ukuta mzima kisha akandamize taili. Kuna ile style ya kuweka vidonge vitano vya simiti nyuma ya taili na kubandika. Inaenda haraka, lakini katikati ya vidonge kuna mapango, na mapango hujaa maji. Mpe hii test: taili ya kwanza ikishabandikwa, aibandue mara moja uangalie mgongo wake. Gundi inapaswa kuwa imefunika karibu kote.

Kama mnatumia simiti ya kawaida badala ya gundi, seramiki za ukuta ziloweshwe majini kwanza. La sivyo zitanyonya maji ya simiti kabla haijashika, na baada ya miezi zitaanza kudondoka moja moja.

Kati ya taili na taili kuwe na nafasi ya milimita 2 hadi 3, na zile plastiki ndogo za msalaba ziwekwe. Ngoja saa 24 ndio mjaze grauti. Kona za ukuta na sakafu zisijazwe grauti. Hapo weka silikoni, kwa sababu inavutika nyumba ikicheza. Mabaki ya grauti yasimwagwe kwa shimo la bafu. Yataganda huko ndani kama jiwe. Baada ya grauti, bafu ipumzike siku mbili ama tatu bila kuoga. Omba maji kwa jirani ama rudi kwa karai, haitakuua.

STIMA: HAPA HAKUNA MCHEZO

Taili mbaya itakula pesa. Waya mbaya itakula mtu.

Shawa ya instant ya wati 5,500 kwa stima yetu ya volti 240 inavuta karibu ampia 23. Hiyo ni kazi nzito kuliko karibu kila kitu kingine kwa nyumba. Haifai kuunganishwa na socket, wala kushiriki waya na taa za bafu. Ukiona waya karibu na shawa imekuwa nyeusi ama inanuka plastiki iliyoungua, ilikuwa nyembamba.

Inachohitaji ni hii: waya yake pekee kutoka kwa boksi ya stima, ya milimita mraba 6. Breka yake pekee, ya ampia 32. Switch nzito ya kukata nyaya zote mbili, ikae nje ya bafu mahali mkono wa maji haufiki. Waya ya kijani na njano, ile ya earth, iunganishwe kweli kweli hadi ardhini. Na kifaa cha kukata stima ikivuja, RCD ya miliampia 30, kwa sababu breka ya kawaida hulinda waya isiungue, hailindi moyo wako.

Kama leo ukigusa mfereji unahisi ile kitu inakuchoma choma vidoleni, usiseme "ni kawaida ya instant". Sio kawaida. Zima na usioge hapo hadi ikaguliwe. Kuvaa slippers za raba sio earth.

Kwa sheria, chini ya Energy Act ya 2019, kazi ya kuweka waya ni ya mtu mwenye leseni ya EPRA. Muombe aonyeshe. Fundi wa taili anayesema "hata stima najua kidogo", mshukuru kisha umrudishe kwa taili.

Siku ya kwanza ya kuoga, fungua maji yajaze kichwa cha shawa na yatiririke kabla ya kuwasha stima. Ukiwasha kikiwa kikavu, ile waya ya ndani inaungua hapo hapo na hakuna warranty itakusikiza.

Na tukiwa kwa stima, token. Wati 5,500 kwa dakika 10 ni karibu unit 0.92. Watu wanne wakioga dakika 10 kila mmoja ni unit 3.7 kwa siku, karibu 110 kwa mwezi. Tangu 2023, bei ya stima ya nyumbani inapanda ukipita unit 30, na tena ukipita 100. Kwa hivyo hiyo shawa pekee inaweza kukurusha kiwango cha juu. Oga dakika 5 na hesabu yote inakatwa nusu.

FUNDI NA DOO

Utapata fundi kwa kuelekezwa na mtu ambaye bafu yake imemaliza mwaka bila kuvuja. Sio wiki, mwaka. Nenda uione kwa macho. Muulize fundi kama ana trade test ya NITA, ambayo huwa Grade III, II na I, ama kadi ya NCA. Karatasi pekee haimaanishi mkono mzuri, lakini pamoja na kazi uliyoona inakupa amani.

Nunua vifaa mwenyewe ama muende pamoja, na ulipe kwa M-Pesa ndio rekodi ibaki. Usilipe kazi yote mwanzoni, hata akilia aje. Andikianeni meseji kama hii, kila mmoja abaki nayo:

"Fundi, tumekubaliana: kubomoa, bomba, mteremko, dawa mikono miwili, mtihani wa maji saa 24, taili, grauti na silikoni. Malipo: robo ukianza, robo mtihani wa maji ukipita, robo taili zikiisha, robo baada ya kuoga siku saba bila kuvuja. Jibu SAWA."

Fundi mzuri atajibu SAWA bila stress, kwa sababu anajua kazi yake. Anayekasirika akisikia neno "mtihani" amekuambia kila kitu ulichotaka kujua.

Lakini na wewe uwe mtu. Akifika hatua ya kulipwa, mlipe siku hiyo hiyo. Mtu akifanya kazi na njaa, hata mteremko utapinda.

BAADA YA HAPO

Kazi yote, ukihesabu siku za kukauka, ni wiki mbili hivi. Yeyote anayekuahidi siku mbili amefuta siku za kukauka, na hizo ndizo ulikuwa unalipia.

Kuitunza ni rahisi. Fungua dirisha ukimaliza kuoga. Kichwa cha shawa kikianza kuziba kwa utando mweupe, zima stima, kitoe na ukiloweke kwa siki usiku mmoja. Kila mwaka kagua silikoni za kona. Ukiona imeachana na ukuta, toa uweke mpya kabla maji yapate njia.

Na ukikutana na jirani wa chini kwa ngazi, muulize dari iko aje. Akikujibu "dari gani tena?" huku akiendelea kupanda na mkate wake, hapo sasa post kwa status.